Naamani Mlangoni pa Zahanati

Kati ya fadhila alizotufundisha Bwana wetu Yesu Kristu, ziko tatu zinazotembea pamoja kama ndugu wa tumbo moja: unyenyekevu, utii na huruma. Mtume Paulo alipowaandikia Wakristu wa Filipi aliwaonyesha njia hiyo katika Kristu mwenyewe. Mwana wa Mungu alijishusha akawa mtu. Akiisha kujishusha, alitii. Na utii wake ulimfikisha msalabani, ambako sisi sote tumehurumiwa. Basi asiyekubali kushuka hawezi kutii, na asiyetii huikimbia huruma hata inapomfuata mpaka nyumbani kwake.

Maneno hayo twayasikia mara nyingi kanisani, na si vigumu kuyaitikia. Juma hili twapenda kuyapeleka mahali yanapopimwa kweli, yaani mlangoni pa zahanati. Nasi tutautazama hasa mkoa wa Njombe, pamoja na mji wake wa Makambako.

Hali ilivyo Njombe

Njombe ni nchi ya baridi na ya neema. Yatoa viazi, mahindi, chai na mbao, na watu wake wasifiwa kwa bidii ya kazi. Makambako ni njia panda: hapo barabara ya kutoka Iringa yagawanyika, moja yaenda Mbeya na nyingine yashuka Njombe hata Songea, hapo pia reli ya TAZARA yapita. Malori hulala hapo, wasafiri hushuka hapo, na biashara haina usiku wala mchana.

Lakini nchi hii yabeba msalaba mzito. Utafiti wa kitaifa wa miaka ya 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima, kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, wapatao 4 wanaishi na virusi vya UKIMWI. Kwa hesabu kamili ni asilimia 4.4. Katika mkoa wa Njombe ni asilimia 12.7, kiwango kikubwa kupita mikoa yote. Maana yake ni kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanane ana virusi hivyo. Hakuna ukoo usioguswa, wala jumuiya ya Kikristu iwezayo kusema kwamba habari hii si yake.

Utafiti huo huo ulitoa hesabu nyingine inayostahili kutafakariwa. Kati ya watu wazima 100 wenye virusi nchini, wapatao 83 tu ndio waliojua hali yao. Lakini kati ya 100 waliojua, karibu 98 walikuwa wakitumia dawa. Na kati ya 100 waliotumia dawa, 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Mwaona, ndugu, mahali njia inapokwama? Haikwami sana kwenye dawa, kwa kuwa dawa ipo, nayo hutolewa bila malipo. Yakwama mlangoni, kwenye hatua ya kwanza ya kuingia, kupimwa na kujua. Palipokwama ni pale panapodai unyenyekevu.

Jemadari aliyekasirika

Maandiko Matakatifu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, yatusimulia habari za Naamani, jemadari wa mfalme wa Shamu. Alikuwa mtu mkubwa, shujaa, mwenye heshima mbele ya bwana wake. Lakini alikuwa na ukoma. Nyumbani mwake alikuwamo msichana mdogo wa Israeli, aliyetekwa vitani, naye alimtumikia mke wa Naamani. Mtoto huyo alikuwa na kila sababu ya kufurahia ugonjwa wa mtu aliyemtia utumwani. Badala yake alimhurumia, akamwambia bibi yake kwamba yuko nabii Samaria awezaye kumponya bwana.

Naamani akaondoka na farasi, magari, fedha, dhahabu na mavazi ya thamani. Alipofika mlangoni pa nabii Elisha, nabii hakutoka. Alimtuma mjumbe tu, amwambie akaoge mara 7 katika mto Yordani. Hapo jemadari akaghadhibika. Alidhani nabii atatoka, atasimama, ataliita jina la Mungu wake na kupunga mkono juu yake mbele ya watu. Tena aliudharau mto wenyewe, akisema kwamba mito ya Dameski ni bora kuliko maji yote ya Israeli. Akageuka aende zake na ukoma wake.

Ni nani waliomwokoa? Watumishi wake. Walimkaribia kwa upole, wakamwita baba, wakamwonyesha kwamba, lau nabii angemwagiza jambo kubwa, angelitenda. Kwa nini basi asitende hili dogo? Naamani akashuka kutoka garini, akashuka katika kiburi chake, akashuka majini mara 7, na mwili wake ukawa kama wa mtoto mchanga.

Unyenyekevu wa kushuka garini

Ndugu wasomaji, Naamani yumo ndani ya kila mmoja wetu. Yumo ndani ya baba wa nyumba asemaye, “Mimi nionekane kwenye benchi la zahanati, pamoja na vijana wangu wa kazi?” Yumo ndani ya mwalimu, mfanyabiashara, katekista, naam, hata ndani ya padre. Hatuogopi sindano, twaogopa macho ya watu. Nao wahenga walitwambia mapema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Unyenyekevu wa Kikristu si kujidharau. Ni kuukubali ukweli juu ya nafsi zetu mbele ya Mungu. Anayeingia kupimwa asema: mimi ni kiumbe, mwili wangu waweza kuugua kama mwili wa mtu yeyote, nami nahitaji kusaidiwa. Maneno hayo hayapungukiwi heshima. Ni ndugu wa yale tunayosema tunapopiga magoti katika kitubio. Tena sheria ya nchi ya mwaka 2008 kuhusu UKIMWI yamlazimu mhudumu wa afya kutunza siri ya mgonjwa, asitoe majibu yake ovyo.

Utii wa kila siku

Naamani angelifurahia ishara kubwa. Alichopewa ni maji ya kawaida, mara 7. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa leo: kidonge kimoja, saa ile ile, leo na kesho na mwaka ujao. Hakuna shangwe katika jambo hilo. Ni utii tu.

Moyo wa mwanadamu hupenda zaidi ishara kubwa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichotolewa kwa shilingi 500. Hatusemi haya kumhukumu mzee aliyekitoa, ambaye alifariki mwaka 2021. Mungu ndiye mwamuzi. Twasema tu kwamba wako walioziacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa, na virusi havikuwaacha wao. Hata leo wako wahubiri wanaowaambia wagonjwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. La hasha! Mungu aliyemponya Naamani kwa maji ya mto ndiye huyo huyo aliyewapa waganga akili ya kutengeneza dawa. Sala na kidonge havigombani. Mkristu humeza dawa yake akiisha kufanya ishara ya msalaba.

Na matunda ya utii huo si madogo. Atumiaye dawa sawasawa, hata virusi visionekane tena katika vipimo, haviambukizi kwa mwenzi wake kwa njia ya tendo la ndoa. Mama mjamzito atumiaye dawa kwa uaminifu aweza kumzaa na kumlea mtoto asiye na virusi. Basi utii wa mmoja ni uhai wa wengine. Na kwa wale walio wazima, utii una sura nyingine: kushika kiapo cha ndoa, na kwa vijana kujitunza. Dereva aliyelala Makambako yafaa akumbuke kwamba ana nyumba inayomngoja.

Huruma ya walio wazima

Lakini tukiishia hapa, tutakuwa tumewahubiri wagonjwa peke yao, nasi tulio wazima tutajiona watakatifu. Je, kwa nini watu huogopa mlango wa zahanati? Kwa sababu ya ndimi zetu. Tunapomwona jirani amebeba dawa twaulizana kwa macho. Twamtengea kikombe, twamwondoa mchumba, twamnong’ona hata mbele ya altare. Kila neno la namna hiyo ni komeo tunaloweka mlangoni, ili Naamani mwingine asiingie. Afaye kwa kuogopa aibu, aibu hiyo nani aliifuma?

Tena wako wasemao kwamba kila mgonjwa amevuna dhambi yake. Bwana wetu aliulizwa swali hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, akalikataa. Wako watoto waliozaliwa na virusi. Wako wake na waume walioambukizwa wakiwa waaminifu. Na hata aliyekosa ni ndugu yetu, aliyenunuliwa kwa damu ile ile iliyotununua sisi. Huruma ya Mungu haiulizi kwanza mtu ameugua kwa njia gani.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alipotangaza Mwaka Mtakatifu wa Huruma, aliufungua mlango mtakatifu wa kwanza Bangui, katika Afrika, tarehe 29 Novemba 2015. Mlango ule ulitufundisha kwamba huruma ni mahali pa kuingilia, na kwamba hatuna haki ya kuwafungia wengine mlango tulioingilia sisi. Katika nchi hii ya kusini huruma hiyo imejengewa kuta na vitanda: Hospitali ya Konsolata Ikonda, huko Makete, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Konsolata katika miaka ya 1960, ni ushahidi wake. Lakini hospitali haiwezi kufanya kazi ya jirani. Kumsindikiza mgonjwa, kumpelekea kuni na uji, kumkumbusha saa ya dawa, kumlea yatima wa ndugu kama mtoto wa kuzaa: hiyo ni kazi ya jumuiya zetu ndogondogo.

Na tujihadhari na roho ya Gehazi, mtumishi wa Elisha. Nabii alikataa zawadi zote za Naamani, kwa kuwa neema ya Mungu haiuzwi. Gehazi akakimbia nyuma ya gari, akadanganya ili apate fedha na mavazi, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Yeyote apataye faida kwa machozi ya wagonjwa na aitafakari habari hiyo.

Mwenye cheo, na asiye na cheo

Jambo moja la mwisho twalisisitiza. Katika habari hii yote, waliomwongoza jemadari kwenye uzima walikuwa mtoto mtekwa na watumishi wasiotajwa hata majina. Wafalme walihangaika na barua zao. Wadogo ndio walioijua njia. Basi mtu yeyote asiseme kwamba hana nafasi ya kutenda huruma kwa sababu hana elimu wala mali. Neno moja la upole, lisemwalo na mke, mtoto au jirani kwa wakati wake, laweza kumshusha mtu kutoka gari la kiburi na kumfikisha mtoni.

Kwa mazungumzo ya familia jioni

1. Katika nyumba yetu, je, mgonjwa angeweza kusema ugonjwa wake bila kuogopa? Kama sivyo, ni neno gani letu linalomzuia?
2. Ni agizo gani dogo la kila siku tunalolidharau, tukingojea jambo kubwa?
3. Ni nani katika jumuiya yetu anayehitaji kusindikizwa juma hili, na nani kati yetu atakwenda naye?

Mama Bikira Maria, aliyejiita mjakazi wa Bwana, akatii, akaharakisha kwenda kumhudumia Elizabeti, atuombee, ili tushuke, tutii, tukahurumiane.