Somo la 14: Hitilafu Inayokuja na Kuondoka

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba mkondo wa umeme hupita pale tu ambapo njia yake haikukatika. Taa ikizimika na isiwake tena, si kazi kubwa kupata sababu: huenda balbu imeungua, au waya umekatika. Lakini iko hitilafu nyingine yenye hila. Huja, hukaa kidogo, kisha huondoka. Fundi akiitwa, kifaa hufanya kazi vizuri mbele yake kana kwamba hakijapata kuharibika.

Jaribio

Chukua betri ya kurunzi, balbu ndogo ya kurunzi, vipande vitatu vya waya na msumari wenye kutu. Unga betri, balbu na msumari katika njia moja ya umeme, na mwisho wa waya uuguse tu msumari bila kuufunga. Balbu itakataa kuwaka, au itawaka kwa kupepesa. Sasa gonga meza polepole kwa kidole. Unaona nini? Safisha msumari kwa msasa, ufunge waya kwa nguvu, kisha gonga tena.

Hukubadilisha betri wala balbu. Kilichobadilika ni mahali pale ambapo metali mbili hugusana. Kutu, vumbi, unyevu wenye chumvi kutoka baharini, au kulegea tu, hutosha kuukata mkondo kwa kitambo kidogo.

Kompyuta ya Ole

Kisiwa cha Pemba kilipata umeme kutoka Tanga mwaka 2010, kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari. Kabla ya hapo umeme ulitoka katika mashine za dizeli za Wesha. Leo tunaweza kukuta kompyuta katika nyumba za vijijini. Tuichukue nyumba moja ya Ole iwe mfano wetu.

Katika nyumba hiyo baba hutumia kompyuta kuandika hesabu za karafuu, na binti yake wa darasa la sita huitumia kwa masomo. Ni kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika. Kila usiku, picha katika kioo chake, ambacho wengi hukiita skrini, hugeuka zambarau ghafla, hutetemeka, kisha hurudi kama kawaida. Fundi alikuja asubuhi asione kitu. Akasema kioo kimechoka, kinunuliwe kingine. Fedha zilizokuwapo ni za mabati ya paa, na masika yamekaribia.

Baba alikuwa na rai yake. "Ni umeme wa usiku huo, mwanangu. Watu wote wamewasha taa, nguvu inapungua."

"Lakini baba," binti akajibu, "mbona feni haipunguzi mwendo?"

Rai ya baba haikuwa ya kupuuzwa. Umeme wa majumbani ni wa volti 230, na kweli hushuka watu wengi wanapoutumia kwa pamoja. Lakini ukishuka sana, feni nayo huzunguka polepole. Fundi na baba kila mmoja alikuwa na dhana, yaani jambo linalodhaniwa kuwa sababu. Dhana haikubaliwi wala haikataliwi mpaka ijaribiwe.

Rangi inatuambia nini?

Kioo cha kompyuta kina nukta nyingi mno. Vioo vingi huwa na nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta hutoa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mianga hii mitatu ikichanganyika kwa nguvu sawa, macho yetu huona nyeupe. Aghalabu picha huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Kwa hiyo mkondo ukikatika kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, picha 6 huharibika, nasi huziona kama mpepeso.

Kompyuta yetu ya Ole hutumia waya wa picha wa aina ya zamani. Plagi yake ina nafasi 15 za pini katika safu tatu, na kila rangi ina pini yake. Buluu isipofika, palipo peupe huwa manjano. Kijani isipofika, huwa zambarau. Basi, kwa rangi ile peke yake, tunaweza kushuku njia ya kijani.

Daftari

Binti alipiga mistari katika daftari, akaandika siku, saa, idadi ya mara hitilafu ilipotokea, na mambo yaliyokuwa yakiendelea chumbani. Safu hii ya mwisho ndiyo wanafunzi wengi huiacha tupu kwa uvivu. Usiiache.

Jumatatu usiku: mara 4. Mama anashona.
Jumanne usiku: mara 3. Mama anashona.
Jumatano usiku: mara 5. Mama anashona. Mvua.
Alhamisi usiku: mara 4. Mama anashona.
Ijumaa usiku: hakuna. Mama yuko harusini.

Cherehani ya mama ilikuwa juu ya meza ile ile ya kompyuta. Lakini tuwe waangalifu: usiku na cherehani vilikwenda pamoja. Ni kipi kati ya viwili hivyo kilicho sababu? Daftari peke yake haliwezi kutujibu. Ilibidi kuvitenganisha. Jumamosi binti alimwomba mama ashone asubuhi, kompyuta ikiwa imewashwa. Picha ikageuka zambarau mara mbili. Usiku mama hakushona, na picha ilikuwa safi mpaka walipokwenda kulala. Hivyo usiku hauna kosa. Kosa linatokana na mtikisiko.

Kitu gani basi kinachotikiswa? Binti alisukuma kidogo waya wa picha karibu na kioo: hakuna mabadiliko. Akausukuma karibu na sanduku la kompyuta: zambarau!

Walizima kompyuta, wakachomoa plagi ya umeme ukutani, ndipo wakauchomoa waya wa picha. Jirani aliwaazima waya wake. Wakauchomeka, wakakaza skrubu zake mbili, mama akashona: picha haikutikisika. Wengi wangeishia hapo na kwenda kununua waya mpya. Lakini vitu viwili vilibadilishwa kwa pamoja, waya na kukazwa kwa skrubu! Binti akaurudisha waya wao wa zamani, naye akaukaza. Mama akashona, picha ilikuwa safi. Waya ulikuwa mzima. Skrubu zake tu hazikuwa zimekazwa.

Je, hitilafu imekwisha? Usiku mmoja si ushahidi. Hata Ijumaa haikutokea. Waliendelea kuandika kwa siku saba nyingine, mama akishona kama kawaida. Safu ya idadi ikajaa sifuri.

Kuandika namna hii ni desturi ya mafundi wakubwa. Mwaka 1947 mafundi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walipokuwa wakitafuta hitilafu katika mashine ya kuhesabu iitwayo Mark II, walimkuta nondo amenaswa ndani ya swichi. Walimbandika katika daftari lao la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa hadi leo. Sisi wa Pemba, wenye mijusi na sisimizi tele, hatuna sababu ya kushangaa.

Tahadhari: Usifungue kioo wala sanduku la kompyuta. Vioo vya zamani vyenye mgongo mnene huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Usiguse plagi kwa mikono yenye maji.

Maswali

1. Kwa nini haikutosha kusema, "Hitilafu hutokea usiku"?
2. Picha ikikatika kwa nusu sekunde, ni picha ngapi huharibika?
3. Kompyuta nyingine huonyesha picha safi, lakini baada ya saa moja picha hukatika. Ikipoa, hupona. Andika dhana mbili. Utabadilisha kitu gani kwanza, na kwa nini kimoja tu?
4. Tafuta nyumbani redio, kurunzi au chaja yenye hitilafu inayokuja na kuondoka. Bila kuifungua, iandikie daftari kwa siku saba, ulilete darasani.