Yogati Inayodumu Huanzia Kwenye Sufuria

Mfanyabiashara mdogo wa yogati, awe soko la Kibuye mjini Kisumu au ufuoni Port Victoria, anaijua hasara ya lita 20 zilizozidi ukali kabla ya kuuzwa. Lawama huangukia friji na stima iliyopotea. Lakini mara nyingi kosa lilifanyika siku yogati ilipotengenezwa.

Yogati ni kazi ya bakteria wa aina mbili: Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Wakiwa katika uwiano mzuri, husaidiana kuleta uzito, harufu na ladha. Anayetumia yogati ya jana kama chachu ya leo, wiki baada ya wiki, huvuruga uwiano huo na kuingiza hamira na ukungu. Ndiyo maana vikombe vingine hufura. Ni salama zaidi kununua chachu halisi iliyohifadhiwa kwa baridi.

Maziwa yachemshwe hadi nyuzi 85 na kudumishwa hapo kwa dakika 30. Joto hilo huua vijidudu, na pia hubadilisha protini ili yogati ishikane isijitenge na maji. Kisha yapozwe hadi nyuzi 43 ndipo chachu itiwe. Maziwa yakiwa moto mno, chachu hufa. Yakiwa baridi mno, huchelewa kuganda na vijidudu vingine hupata nafasi. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kwa antibayotiki yasitumiwe kabla ya siku alizotaja daktari wa mifugo kuisha, kwa kuwa dawa hiyo huua chachu pia.

Baada ya saa 4 hadi 6, yogati ikishaganda, ipozwe mara moja hadi nyuzi 4. Ikiachwa mezani katika joto la Kisumu, bakteria huendelea kutoa asidi. Hata ndani ya friji hawakomi kabisa. Hupunguza tu mwendo.

Ng'ambo ya ziwa, jijini Mwanza, kikundi cha kina mama cha Tukwamuane kilianza mwaka 2004 kutengeneza yogati yenye bakteria wa manufaa kwa afya, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada. Bakteria hao humfaa mlaji wakimfikia wangali hai, kwa hiyo baridi ni sehemu ya ubora wenyewe.

Watengenezaji wanashauriwa kununua kipimajoto, kuandika tarehe kwenye kila kikombe, na kutengeneza kiasi kinachouzika. Stima ikipotea, friji isifunguliwe ovyo. Kwa ushauri zaidi, wamwone afisa wa mifugo katika kaunti ndogo yao.