Mshika Mbili
Tarehe 14 Machi, 2012, Bunge la jimbo la Nordrhein-Westfalen, Ujerumani, lilikataa makadirio ya fedha ya serikali ya Bibi Hannelore Kraft, iliyokosa wingi wa viti; likajivunja siku ile ile. Mshindani wake, Bwana Norbert Röttgen wa chama cha CDU, alikuwa Waziri wa Mazingira mjini Berlin. Alipoulizwa kama angebaki jimboni hata akishindwa, hakuahidi. Tarehe 13 Mei Bibi Kraft alishinda; CDU ikashuka toka asilimia 34.6 hadi 26.3. Siku 3 baadaye Kansela Angela Merkel akatangaza kumwondoa Röttgen uwaziri. Jimbo alilikosa, wizara nayo ikamponyoka. Msomaji mpenzi, aombaye kura na awe tayari kuwatumikia watu hata wakimnyima ushindi. Kwani upinzani nao ni utumishi.