Mtoto Huntha: Kisu Kisubiri, Cheti Kisisubiri

Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu watu huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kiume au wa kike. Nchi nzima walipatikana 1,524. Garissa walikuwa 34, Wajir 49 na Mandera 37. Kwa jinsi jambo hili linavyofichwa majumbani mwetu, naamini wapo wengi zaidi.

Mzazi, mtoto wako akizaliwa hivyo, jambo la kwanza si mahakama bali hospitali. Baadhi ya watoto huntha huwa na hitilafu kwenye tezi zilizo juu ya figo. Chumvi humtoka mwilini, na katika wiki za mwanzo mtoto hutapika, hulegea na huweza kufa. Kwa joto letu ni rahisi kudhani ni kuhara tu. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ukiambiwa ulipe kwanza, itaje ibara hiyo.

Matibabu ya kuokoa maisha ni kitu kimoja, na upasuaji wa kumfanya mtoto afanane na wenzake ni kingine. Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kubadilisha au kuondoa kiungo cha mtoto huntha bila ushauri wa daktari bingwa wa kijenetiki. Shangazi akisema mtoto akatwe haraka kabla majirani hawajajua, hana mamlaka hayo. Wala ngariba hana: ukeketaji ni kosa tangu sheria ya 2011, na ridhaa ya familia si utetezi. Hata tohara ya kawaida isiharakishwe pale tundu la mkojo linapokuwa chini ya uume badala ya kuwa kwenye ncha, kwa sababu madaktari huweza kuihitaji ngozi ile ile kurekebisha njia ya mkojo baadaye. Kiungo kikishaondolewa hakirudi, na mwenye mwili bado hajaweza kusema lolote.

Cheti cha kuzaliwa, kinyume chake, kifuatwe mapema. Mwaka 2013 ilifunguliwa kesi ya mtoto aliyeitwa Mtoto A, ambaye kwenye hati za hospitali, mahali pa jinsia, paliwekwa alama ya kuuliza. Tarehe 5 Desemba 2014, Jaji Isaac Lenaola aliiagiza Serikali itafute njia ya kukusanya takwimu za watu huntha na kuweka mwongozo kuhusu upasuaji. Sasa Sheria ya Watoto inaitaka Serikali ichukue hatua zote kuhakikisha watoto hawa wanasajiliwa ipasavyo wanapozaliwa. Sisi wa kaskazini mashariki tunaujua uchungu wa kukosa karatasi. Vijana wetu wamepitishwa kwenye msasa wa vitambulisho kwa miaka mingi. Mtoto huntha asiye na cheti atabeba mizigo miwili. Karani akikurudisha nyumbani, omba sababu kwa maandishi.

Sheria ya Watoto inamhesabu mtoto huntha anayebaguliwa au kudhulumiwa kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Akifukuzwa shuleni au madrasa, au akifungiwa ndani wageni wakija, mwone afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Haya yanawahusu pia watoto wa kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, maana sheria inamlinda mtoto aliye Kenya hata kama wazazi wake ni wakimbizi.

Kuna wanaodai dini haimjui mtu huyu. Si kweli. Fiqhi ina mlango wake kuhusu khuntha, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu, hali yake ikiwa haijabainika hupewa fungu la mirathi lenye yakini, na lenye shaka huwekwa mpaka mambo yabainike. Kwa hiyo ndugu wakimfuta kabisa kwenye urithi, apeleke shauri kwa Kadhi. Mahakama hiyo husikiliza ndoa, talaka na mirathi pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa nayo.

Polisi wakimkamata mtu huntha, sheria ya 2014 ya walionyimwa uhuru inampa haki ya kuchagua apekuliwe na afisa wa jinsia gani, na ya kuwekwa pekee, mbali na mahabusu wengine. Chanzo kimoja cha ulinzi huu ni mateso ya mfungwa mmoja wa Kamiti aliyedhalilishwa kwa kuvuliwa nguo. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru alipwe shilingi 500,000.

Mapenzi ya jinsia moja ni suala jingine, ingawa watu huyachanganya na uhuntha. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vingalipo. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini vinaadhibu tendo lililothibitishwa, si mwendo wa mtu wala uvumi wa mtaani. Mshukiwa ana haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, Kisomali kikiwemo, ya kunyamaza, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24 au siku ya kazi inayofuata. Kumpima kwa nguvu njia ya haja kubwa kulipigwa marufuku na Mahakama ya Rufani, Mombasa, Machi 2018. Anayempiga au kumtoza pesa kwa vitisho ndiye mhalifu, hata kama mtaa mzima unamshangilia.

Ibara ya 22 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama Kuu, na ya Garissa ipo, kudai haki zake au za asiyeweza kujisemea. Kufungua kesi ya namna hiyo hakulipiwi, na waweza kuomba jina la mtoto lifichwe kama la Mtoto A. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ina ofisi Wajir. Inapokea malalamiko bila malipo, na jamaa anaweza kuyapeleka kwa niaba ya anayeogopa kuonekana.