Ndoa ya Mume Aliye Ng'ambo Baada ya Talaka



Katika darasa zetu tumeulizwa mara nyingi juu ya jambo lililoenea sasa katika miji yetu: mwanamke aliyeachwa huposwa na mwanamume aliye Maskati, London au Toronto, wajuane kwa simu, wapendane, kisha jamaa wanung'unike, "Huyu keshaachwa, ataka nini tena?" Wapo wanaoliharamisha jambo hili bila ya dalili, na wapo wanaolifanya bila ya sharti. Wote wawili wamekosa njia.

Kwanza, talaka si aibu ya milele. Katika Suratul-Baqara, aya ya 232, Mwenyezi Mungu amewakataza mawalii kuwazuilia wanawake walioachwa wasiolewe. Maakil bin Yasar alikuwa amemkatalia dada yake kurudiana na mume aliyemwacha. Iliposhuka aya hiyo akamuoza. Ikiwa Sahaba hakuruhusiwa kuufunga mlango huo, seuze sisi? Na Bibi Zainab binti Jahsh aliachwa na Zaid bin Haritha, kisha akaolewa na Mtume (S.A.W.), akawa Mama wa Waumini.

Pili, umbali haubatilishi ndoa. Mtume alimuoa Bibi Umm Habiba naye yuko Uhabeshi, ng'ambo ya bahari. Bibi huyo alimuwakilisha jamaa yake, Khalid bin Said, na Najashi akatoa mahari, dinari 400 kwa riwaya mashuhuri. Angalieni basi: bahari ilikuwa kati yao, lakini walii, wakala, mahari na mashahidi havikukosekana.

Ndipo tuseme juu ya masharti. Eda lazima iishe: tohara tatu kwa mwenye kupata hedhi, miezi mitatu kwa asiyepata, na mja mzito mpaka ajifungue. Tena nikahi isifungwe kwa simu. Mwaka 1990 Baraza la Fikihi la Kiislamu la Jidda lilijuzisha mikataba kwa vyombo vya mawasiliano, lakini likaitoa nikahi, kwa kuwa yataka mashahidi. Njia nyepesi ipo: mume amuwakilishe mtu mwaminifu hapa kwetu, naye akae majlisi moja na walii na mashahidi wawili. Walii aseme, "Nimemuoza binti yangu fulani bin fulani," na wakala ajibu, "Nimemkubalia nikahi yake."

Kabla ya hayo, mume achunguzwe. Aulizwe imamu wa msikiti anaosali, na jirani zake, si rafiki zake tu. Je, ana mke? Ana kazi gani? Aliyemwacha alimwacha kwa wema? Na sheria za nchi zijulikane pia. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yataka ndoa za Kiislamu ziandikishwe. Asiye na cheti atapata taabu kwenye ubalozi na kwenye mirathi. Huko Omani, raia alihitaji kibali cha serikali kuoa mgeni mpaka sharti hilo lilipofutwa mwaka 2023.

Tatu, na hapa ndipo penye hatari. Suratun-Nisaa, aya ya 129, yakataza kumwacha mke kama aliyetundikwa: si mke mwenye mume, wala si aliyeachwa. Sayyidna Omar alipojua uzito wa wanawake kuishi bila ya waume waliokwenda vitani, aliweka muda wa kuwarudisha askari, miezi minne au sita kwa kutofautiana kwa riwaya. Leo kuna wanawake wanaongoja visa mwaka wa tatu, na nafaka haiji.

Kwa hiyo tunawausia mawalii waandikiane na mume muda wa kumchukua mkewe na kiasi cha nafaka ya kila mwezi. Akdi ikishafungwa, mume mwenyewe na atamke talaka ya sharti: akipitisha miezi kadha bila ya kumchukua wala kumlisha, mke ameachika. Isitamkwe kabla ya akdi, kwani hapana talaka kabla ya nikahi. Na watoto wa ndoa ya kwanza wafanyiwe mapatano mapema, kwani katika madhehebu yetu ya Shafii mama akiolewa na mtu baki haki yake ya kuwalea huondoka, baba akidai.

Enyi wazazi, msimzuilie binti yenu furaha aliyohalalishiwa na Mola wake. Wala msimtupe baharini kwa kuvutiwa na jina la Ulaya. Mapenzi ni neema. Lakini neema huwekewa ulinzi, na ulinzi wake ni masharti ya sheria.