Somo la Juma: Kuwatazama Yatima ni Kufanya Nini?

Masomo: Yakobo 1:27, 2 Wafalme 4:1-7, Matendo 15:36

Kama mlivyosikia kwenye matangazo, idara ya vijana imeomba kanisa libariki safari ya mwezi wa Agosti: vijana 24, siku tatu, kupitia Lunga Lunga na Horohoro mpaka Tanga, kutembelea nyumba mbili za watoto yatima. Bahasha za mchango zimeshaanza kuzunguka. Wazee wa kanisa wataamua Jumapili ya mwisho wa mwezi, na wameniomba nifundishe juu ya jambo hili kwanza. Vijana wenyewe nimeshawaambia ninavyoona, kwa hiyo hakuna anayesemwa kisogoni.

Andiko walilochagua kuandika kwenye fulana ni Yakobo 1:27. Ni andiko zuri, lakini tulisome polepole. Biblia yetu inasema "kuwatazama" yatima na wajane, na wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiria kupita kuwaona, kuwaombea, kuacha unga na sabuni, halafu kurudi. Neno la Kigiriki hapo ni episkeptomai. Ndilo lililotumika Luka 1:68, Zakaria anapomsifu Mungu kwa kuwajia watu wake na kuwakomboa. Ndilo lililotumika Matendo 15:36, Paulo anapomwambia Barnaba warudi katika kila mji walikohubiri wakaone ndugu wanaendeleaje. Na kutoka mzizi huohuo tumepata neno askofu, yaani mwangalizi. Kwa hiyo anayetazama hapa ni mtu anayebeba jukumu, na Paulo anatuonyesha kwamba mtu huyo hurudi.

Halafu angalia Yakobo amewaweka nani pamoja: yatima na mjane. Hakumtoa mtoto akamweka upande wake, mama naye upande wake.

Sasa twende 2 Wafalme 4. Mume wa mama huyu amekufa, alikuwa mcha Mungu, ameacha deni. Aliyewadai yuko njiani kuja kuwachukua wavulana wawili wawe watumwa wake. Elisha alikuwa na jamii nzima ya wana wa manabii chini yake, angeweza kusema leteni hao wavulana tutawalea hapa. Hakusema. Alimwuliza mama ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta. Akamtuma akaazime vyombo kwa majirani, vingi, ajifungie ndani na wanawe, wamimine. Mwisho akamwambia auze, alipe deni, na kinachobaki kiwe cha kuishi yeye na watoto wake. Mimi niliyesomea biashara nafurahi kila nikifika hapa, maana muujiza huu una mali iliyopo, vyombo vya kuazima, soko, deni na faida. Na ulifanyika mlango ukiwa umefungwa. Hakuna aliyepiga picha ya wavulana wale kuweka status.

Hapa Diani tunalijua jambo hili kutoka upande wa pili. Miaka mingi wageni wamekuwa wakitoka hotelini na gari la watalii, wanaingia nyumba ya watoto saa moja, wanaimbiwa, wanagawa peremende, wanapiga picha, wanarudi kuogelea. Wengi wana moyo mzuri kabisa. Lakini si tumewaona watoto wetu wanavyojifunza kukimbilia gari lolote lenye mzungu? Na si kila mgeni ana moyo mzuri. Mwaka 2006 serikali pamoja na UNICEF walitoa ripoti juu ya utalii wa ngono na watoto katika Pwani yetu, na Diani imo. Mlango wa nyumba ya watoto unaofunguliwa kwa kila anayebeba zawadi, umefunguliwa pia kwa mbwamwitu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Watoto wengi walio katika nyumba hizi duniani, Kenya ikiwemo, wana mzazi mmoja angalau aliye hai, au bibi, au mjomba. Walipelekwa kwa sababu ya karo, chakula, ugonjwa, au mama ameolewa tena. Sasa fikiria kihesabu. Nyumba ikipata msaada kulingana na idadi ya watoto, na wageni wakija kwa sababu watoto wapo, ni nani atakayekuwa na haraka ya kumrudisha mtoto kwa bibi yake? Sisemi walezi wa nyumba hizo ni wabaya. Wengine wamelea kwa machozi watoto ambao kweli hawakuwa na mtu. Nasema pesa ina njia yake ya kuvuta, hata kwa waliookoka.

Na mtoto mwenyewe je? Mtoto wa miaka minne anayemrukia mgeni na kumkumbatia dakika ya kwanza, sisi tunasema ana upendo. Wanaofanya kazi na watoto hao wanasema mara nyingi ni dalili ya mtoto aliyeachwa mara nyingi. Siku ya tatu basi letu likiondoka Tanga, tutakuwa tumemwacha tena.

Ndiyo maana nchi zimebadilisha mwelekeo. Rwanda ilianza mwaka 2012 kufunga nyumba hizi na kurudisha watoto katika familia. Kenya ilisimamisha usajili wa nyumba mpya mwaka 2017, na mwaka 2022 tukapata Sheria mpya ya Watoto pamoja na mpango wa miaka kumi wa kuhamisha malezi kutoka kwenye taasisi kwenda katika familia. Sheria hiyo inatambua hata kafala, malezi ya mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu wa majirani zetu. Na Kwale ilikuwa moja ya sehemu tatu, pamoja na Garissa na Nairobi, ambako serikali mwaka 2004 ilianza kujaribu kutoa pesa kwa familia zinazolea yatima. Yaani jirani yako huku huenda alikuwa wa kwanza katika Kenya nzima kufanyiwa jambo hili alilofanya Elisha.

Sasa bajeti, maana mtaniuliza. Jumla ni shilingi 200,000. Basi la kukodi 66,000, malazi 48,000, chakula chetu 36,000, fulana 15,600, hati na dharura 8,400. Zawadi za watoto 26,000. Katika kila shilingi mia, kumi na tatu zinafika kwa yatima. Zingine ni zetu sisi, tukienda kuwaona.

Mwezi huu mama mmoja mzee wa hapa Ukunda alikuja ofisini kwetu. Simtaji, na msimtafute. Analea wajukuu watatu kwa viazi karai anavyouza jioni. Aliuliza anavyoweza kuwapeleka wawili kwenye nyumba ya watoto, kwa sababu kodi na karo zimemshinda. Hakuomba pesa, aliuliza tu ofisi ya watoto iko wapi. Pesa ya basi peke yake, 66,000, ni 5,500 kila mwezi kwa mwaka mzima. Nimemwomba asubiri mpaka wazee wakae.

Sijasema vijana wasivuke mpaka. Pendekezo langu kwa wazee ni hili: waende watu wazima wawili au watatu, bila fulana, baada ya kuandikiana na kanisa la Tanga na kupata ruhusa ya afisa ustawi wa jamii wa kule. Wasiende kucheza na watoto. Wakae na wasimamizi waulize: ni watoto gani wana ndugu, na ni kitu gani kinazuia warudi kwao? Kama ni nauli, kitanda, au mtaji wa kuuza samaki, hilo ndilo tubebe, na mwakani waende walewale kuona limefika wapi. Vijana wengine 20 na zaidi wana kazi hapahapa. Bibi wa viazi karai ana mjukuu wa darasa la sita asiyeelewa hesabu, na kuna paa la makuti linalovuja ambalo halihitaji pasipoti. Mkijua mtoto anayeteswa, nyumbani au katika taasisi yoyote, namba ya bure ni 116.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: someni 2 Wafalme 4:1-7 kwa sauti. Halafu kila mmoja ajibu, bila kutaja majina ya watu, ni mtoto gani katika ukoo wake aliye karibu kutolewa nyumbani, na ni deni la shilingi ngapi linalomtoa. Viongozi wa ushirika waniletee hesabu hizo kwa karatasi iliyofungwa kabla ya Ijumaa, nizifikishe kwa wazee pamoja na bajeti ya Tanga.