Reli Ndogo ya Mfano: Kazi ya Stesheni ya Ruiru juu ya Ubao Mmoja

Watu wengi wakisikia habari za reli ya mfano hudhani kwamba ni mchezo wa watoto wa matajiri, tena mchezo uhitajio chumba kizima, umeme, na vitu vya kununuliwa ng'ambo. Sivyo hata kidogo. Kijana awezaye kutengeneza gari la waya lenye usukani mrefu, kama wafanyavyo vijana wengi wa Kenya, ana ustadi wa kutosha kujenga stesheni ndogo ya mji wa viwanda. Linalompasa kujifunza zaidi ni kuchagua, kwa maana mshika mbili moja humponyoka.

Kwa nini Ruiru

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Tawi la Thika, lipitalo Ruiru, lilifunguliwa mwaka 1913. Wakati ule liliitwa Tramu ya Thika. Baadaye liliendelezwa kuelekea kaskazini hata likafika Nanyuki mwaka 1930. Kwa miaka mingi lilichukua kahawa na mkonge wa mashamba, pamoja na bidhaa za viwanda vya Thika. Lakini mambo yamebadilika. Mashamba mengi ya Ruiru yamegeuka mitaa ya nyumba, na wakazi wengi hufanya kazi Nairobi. Baadhi yao husafiri kwa gari la moshi.

Kwa hiyo mtoto wa Ruiru wa leo huwaona abiria wakipanda na kushuka, walakini huenda asijue jinsi mabehewa ya mizigo yapangwavyo ili kila mzigo ufike mahali pake. Elimu hiyo haifai kupotea. Mtu apakiaye lori lenye mizigo ya maduka matano, au apangaye magunia katika bohari, hukutana na shida ile ile kila siku. Mfano mdogo waweza kumfundisha kabla hajaharibu mali ya mtu.

Kipimo

Upana wa reli hupimwa baina ya nyuso za ndani za vyuma viwili. Katika tawi la Thika upana huo ni mita 1 kamili. Hii ni bahati njema kwa mjenzi, maana hesabu yake ni nyepesi. Akiamua kwamba kila mita 1 ya kweli iwe sentimeta 2 katika mfano, yaani moja kwa hamsini, njia yake itakuwa na upana wa sentimeta 2. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435. Kwa kipimo hicho hicho ingekuwa karibu sentimeta 2.9. Basi magari ya njia moja hayawezi kupita juu ya njia ya pili, na mjenzi asizichanganye.

Ubao wa sentimeta 180 kwa 40 watosha. Kwa kipimo chetu ni sawa na uwanja wa mita 90 kwa 20. Hapo ndipo kuchagua kuanzapo. Katika Jumba la Makumbusho la Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, imo injini kubwa ya mvuke ya aina ya 59, iliyotengenezwa Manchester katika miaka ya 1950. Urefu wake wapita mita 30. Mfano wake ungezidi sentimeta 60, yaani theluthi nzima ya ubao. Ni injini ya kupendeza, lakini ilikuwa ya safari ndefu za Mombasa na Nairobi. Kwa stesheni ndogo injini fupi ya sentimeta 16 yafaa zaidi, na kila behewa, pamoja na kulabu zake, liwe la sentimeta 15.

Kujenga

Mataruma na yakatwe katika vijiti vya mbao vyenye urefu wa sentimeta 3.5. Vyuma vya reli vyaweza kufanywa kwa waya wa sengenge wenye unene wa milimita 3, ulionyoshwa vizuri na kubandikwa kwa gundi kali. Kabla ya kubandika, mjenzi akate kipande cha mti chenye upana wa sentimeta 2 barabara, akiteleze baina ya nyaya mbili kila anapoendelea. Kipande hicho kidogo ndicho mlinzi wa kazi yote. Njia ikipanuka au kubanwa hata kidogo, magurudumu yataanguka.

Gurudumu lina sehemu mbili: duara litembealo juu ya waya, na ukingo mkubwa kidogo ukaao upande wa ndani ili kulizuia lisitoke. Ukingo usizidi duara kwa zaidi ya milimita 2, usije ukagonga mataruma.

Njia na zigawanywe hivi. Kwanza iwepo njia ya kusogezea yenye sentimeta 65, itoshayo injini na mabehewa 3. Kisha kiwepo kipande cha njia cha sentimeta 25, kilichoshikwa kwa msumari mmoja upande wa njia ya kusogezea, ili ncha yake ya pili iweze kuhamishwa kushoto, katikati au kulia. Mbele yake zianze njia tatu zisizo na mlango wa pili, na mianzo yake iachane kwa sentimeta 4. Ya katikati, ya sentimeta 75, ni ya stesheni, nayo huchukua mabehewa 5. Mbili za kando ni za sentimeta 45, na kila moja huchukua 3: moja yaenda bohari ya kahawa, ya pili yaenda bohari ya saruji na mafuta. Majengo yafanywe kwa karatasi ngumu, nayo yasiwe mengi.

Kufanya kazi

Mpango huu wa njia tatu ulienezwa na Mwingereza Alan Wright kwa mfano wake uitwao Inglenook Sidings. Mabehewa ni 8, yenye nambari. Matano husimama stesheni na matatu katika njia mojawapo fupi. Vikaratasi vyenye nambari hizo hutikiswa katika kofia, na vitano hutolewa kimoja kimoja. Hilo ndilo agizo: mabehewa hayo matano yapangwe stesheni kwa utaratibu huo, tayari kwa safari ya Nairobi. Mafungu yawezayo kutokea ni 6,720, basi mchezaji hatachoka upesi.

Kanuni ni hizi. Gari likikanyaga kile kipande kigeukacho, kipande hakigeuki. Kwa hiyo injini haiwezi kushika zaidi ya mabehewa 3 inapobadili njia. Tena, behewa litakiwalo kukaa ncha ya ndani kabisa ndilo la kutafutwa kwanza, kwa kuwa likisahauliwa, yote yaliyotangulia mbele yake hutolewa upya. Mpakiaji wa lori naye aijua kanuni hii: mzigo wa duka la mwisho ndio hupakiwa mwanzo.

Jambo kubwa kuliko yote ni hesabu ya nafasi. Njia tatu zina nafasi 11, na mabehewa ni 8. Nafasi zilizobaki tupu ni 3 tu, nazo ndizo zitendazo kazi. Mjenzi mwenye tamaa akiongeza mabehewa 3, njia zitapendeza macho kwa kujaa, lakini hapatakuwa na mahali pa kulihamishia behewa hata moja. Kahawa itakaa bohari, na meli ya Mombasa haitaingoja. Stesheni iliyojaa kabisa ni stesheni iliyosimama. Na bohari, lori na uwanja wa sokoni vivyo hivyo. Yeye apangaye mizigo na ahesabu kwanza nafasi tupu, kisha ndipo ahesabu mizigo.